Tasa Mpaka Shina

Makvala ni wa Kakheti, ng'ambo ya mto Alazani,
ambako milima ya Kaukazi hukaa na theluji
kama mgeni asiyevua kofia.
Miaka thelathini na mmoja aliandika hesabu za kiwanda cha mvinyo:
lita, mapipa, madeni ya watu waliokwisha kufa.
Sasa ana mistari minne ya mizabibu,
mkasi wa mpini wa kijani,
na nyuma ya daftari kuukuu, namba moja:

73939133

Isome polepole, usiimeze.
Milioni sabini na tatu,
mia tisa thelathini na tisa elfu,
mia moja thelathini na tatu.
Haigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Aliijaribu majira mawili ya baridi
kwa kalamu ya risasi, kando ya jiko la kuni,
kuanzia mbili hadi elfu nane mia tano tisini na nane.
Hapo akaweka kalamu chini.
Kila mkubwa, alisema, angekuja na mdogo wake,
na wadogo wote nimekwisha kuwapima.

Lugha yangu mimi huiita namba ya namna hii tasa.
Sijui nani alianza. Labda mtu aliyeona
kwamba ukiipasua hupati watoto mkononi.
Neno hilohilo wanawake hutupiwa mgongoni
kisimani, harusini, hata matangani.
Kigeorgia kina maneno mengine;
mgongo ni uleule.

Kwenye karamu ya Otari mwongoza vikombe alisimama,
akawanywea wafu, akainywea mvua,
akawanywea watoto na watoto wa watoto,
na macho ya meza nzima yakamruka Makvala
kama dimbwi.
Yeye akamega mkate, akachovya chumvi,
akahesabu zabibu kavu kwenye sahani yake.
Kumi na tisa.

Mwisho wa Februari akamwita Badri, mjukuu wa Otari,
amshikie kamba.
"Tazama," akasema. Mkasi ukala ncha ya tawi,
na tatu ya mwisho ikaanguka matopeni.

7393913. Tasa.

Akakata tena.

739391. Tasa.

Mtoto akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka.

73939
7393
739, tasa, tasa, tasa,

73, mikono ya Makvala imekuwa myekundu kwa baridi,

7.

"Na ukikata saba?"
"Hubaki nguzo."

Badri akafikiri njia nzima ya kurudi.
Mlangoni akauliza: na ukiongeza?
Hapo ndipo alipomvutia kiti.

Mkiani, machipukizi ni manne tu ya kujaribu:
moja, tatu, saba, tisa. Mengine hayana haja,
shufwa huangukia mbili, sifuri na tano huangukia tano.
Weka moja: jumla ya tarakimu ni thelathini na tisa,
tatu inaingia bila kubisha hodi.
Weka saba: arobaini na tano, tatu tena.
Tatu na tisa zilikuwa na kiburi zaidi.
Zilimla mwezi mzima na kalamu sita
kabla hazijakiri kwamba nazo hugawanyika.

Kwa hiyo haina mrithi.
Katika ukoo wa namba zinazokatika hivi
bila kuacha kuwa tasa, hii ndiyo ndefu kuliko zote.
Alilisema hilo akimenya kitunguu,
na sikusikia sauti yake ikipanda wala kushuka.

Oktoba walifukia mvinyo kwenye mitungi ya udongo.
Badri akaandika namba yote kwa chaki
juu ya jiwe la kufunikia, akitoa ulimi kwa umakini.
Usiku mvua ikanyesha ya upande,
ikafuta tatu ya mwisho.

Asubuhi Makvala alipita na ndoo,
akasoma kilichobaki,
hakuchukua chaki.